Ufunguo wa Maji na Soko

Asubuhi ile Kabale alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka la maziwa ya ngamia, hapo mtaa wa Wabera, akinywa chai na kumsubiri Wamucii aje wafungue ofisi. Simu ikaita.

"Kabale, ni wewe?" Sauti ya mwanamke, na nyuma yake mbuzi wakilia. "Ni Atabo, wa Oldonyiro. Sasa nyinyi mnafunga soko halafu hamsemi litafunguliwa lini?"

"Soko gani, mama?"

"Unaniuliza mimi? Si ujumbe umetoka kwenu jana! Mmesema kuna ugonjwa, tuuze mbuzi nyumbani. Nimeuza. Nimeuza mbuzi zangu kwa bei ya kuku!"

Kabale aliweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Hakuwa ametuma ujumbe wowote jana. Jana ilikuwa Jumapili, na Jumapili Wamucii huwa kanisani hadi adhuhuri, naye Kabale alikuwa kwa mama yake akipura maharagwe.

"Nisomee, mama. Nisomee vile umeandikwa."

Atabo hakujua kusoma, lakini jirani yake alijua, na simu ikapokezwa. Jirani akasoma: "Maji na Soko. Soko la Oldonyiro limefungwa kwa karantini. Uzeni mifugo manyumbani kabla ugonjwa haujafika."

Ujumbe ulikuwa umeandikwa vizuri mno. Hata nukta zilikuwa mahali pake.

Maji na Soko ndiyo kazi aliyokuwa nayo Kabale na rafiki yake Wamucii. Ni huduma ya jumbe za simu. Mfugaji akiwa porini huko na mifugo yake, simu inalia mfukoni, anajua kisima gani kinatoa maji na kipi kimekufa, soko gani liko wazi, na mbuzi wanauzwa vipi. Kikundi cha wafugaji ndicho kilichowaajiri, na mwenyekiti wa kikundi, Mzee Abdub, aliwatetea mbele ya wazee waliosema kwamba wasichana wawili na kompyuta hawawezi kujua habari za ng'ombe. Watu walikuwa wameanza kuamini zile jumbe kuliko redio. Sasa imani hiyo imetumiwa kuwanyang'anya mbuzi.

Wamucii alishuka kwenye boda akicheka na dereva, akamwona mwenzake, kicheko kikakatika. Dakika chache baadaye walikuwa juu ofisini, vichwa viwili mbele ya kompyuta moja.

"Hakuna aliyeingia humu," Wamucii alisema. "Kompyuta zetu ziko sawa. Kampuni ya kutuma jumbe inasema ujumbe umetumwa na Maji na Soko, kwa ufunguo wetu wenyewe."

Ufunguo huo haukuwa wa chuma. Ulikuwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, na kampuni ya jumbe ilikuwa imewaambia tangu mwanzo: aliye na huu ndiye nyinyi. Orodha ya wafugaji wote iko kwa kampuni. Mwenye ufunguo anaandika maneno, anabofya, na simu zinalia kutoka Oldonyiro hadi Merti.

"Na ufunguo tumeuweka wapi?" Kabale aliuliza, ingawa alikuwa ameshalijua jibu.

Programu yao yote ilikuwa mtandaoni, kwenye hazina moja ambamo waandishi wa programu huweka kazi yao ili kila badiliko lijulikane: nani amebadilisha, amebadilisha nini, na jana ilikuwaje. Hazina hiyo waliiacha wazi kwa makusudi. Kikundi kilitaka mtu yeyote aweze kuona bei zinavyokokotolewa, asije mtu akasema zimepikwa. Tena kulikuwa na Ruweida, mwalimu wa shule kule Korbesa, ambaye alikuwa akiingiza mwenyewe habari za visima vya upande wa kwao. Humo ndani, katikati ya mafaili mengine, kulikuwa na faili dogo la mipangilio. Kabale akalifungua. Ufunguo ulikuwa umekaa humo peupe, kama nguo kwenye kamba.

"Nani aliweka hii hapa?" Wamucii alifoka.

Hazina haina aibu. Kabale alibofya mara moja, ikataja jina. "Wewe. Siku ya maonyesho, tulipowaonyesha watu huduma yetu, wageni wakiwa mlangoni."

Wamucii akamgeukia. "Na ni nani alikuwa nyuma yangu akisema, 'Weka tu, tutatoa kesho'?"

Kabale akakohoa, akatazama dirishani.

Mzee Abdub alifika kabla hawajamaliza kulaumiana. Alipanda ngazi na fimbo yake, akatoa salamu, "Salaam aleikum," akajibiwa, akaketi kwenye kiti cha plastiki kilicholalamika chini yake. Simu yake ilikuwa imelia njia nzima.

"Watu wananiuliza mimi," alisema. "Wananiambia, Abdub, wasichana wako wametuuza."

"Si sisi, baba," Kabale alisema. Akamweleza yote bila kupunguza, na sehemu ya maonyesho pia.

Mzee alisikiliza, ndevu zake nyekundu za hina zikitikisika kidogo. "Basi funga hiyo hazina yote. Boma likivunjwa, mtu anaweka miiba pande zote."

Wamucii alikuwa upande wa mzee. Alikuwa na hasira, na mwenye hasira hupenda kufunga milango. Lakini Kabale alimfikiria Ruweida, ambaye angefungiwa nje pamoja na visima vyake, na wale wazee waliosema bei zimepikwa, ambao wangepata la kusema tena.

"Baba, tukifunga yote, watu watasema tumekuwa na kitu cha kuficha. Kitu cha kuficha ni kimoja tu. Wacha boma likae wazi, tufunge kile kimoja."

"Utafungaje kitu kimoja kilicho katikati ya boma?"

"Nitakifumba."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila inataka utulivu. Kabale na Wamucii kila mmoja alijitengenezea jozi ya funguo kwenye kompyuta yake. Mmoja ni wa kufungia, huo unaweza kumpa hata adui, hauwezi kufungua kitu. Wa pili ni wa kufungulia, na huo hautoki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Wakalifungia lile faili la mipangilio kwa funguo zao mbili za kufungia, hata mmoja wao peke yake aweze kulifungua, na mtu mwingine yeyote duniani asiweze. Wakalirudisha kwenye hazina, mahali pale pale.

Kabale akamgeuzia mzee kioo cha kompyuta. Palipokuwa na maneno ya kusomeka, sasa palikuwa na vurugu ya herufi.

Mzee Abdub akavaa miwani. "Hapa kuku wamepigana."

"Ndiyo hiyo, baba. Kila mtu anaona kwamba faili liko. Anaona hata siku tunapolibadilisha. Lakini ndani haoni."

"Na wewe unaona?"

Kabale akabofya, na maneno yakarudi kwenye kompyuta yake kama yalivyokuwa. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Walishuka wote kunywa maziwa ya ngamia, na Wamucii, ambaye hajawahi kuyazoea tangu utoto wake, akanywa kikombe kizima bila kukunja uso.

Hapo dukani walimkuta Dullo. Dullo alisoma nao sekondari, akaenda chuo kusomea kompyuta mwaka mmoja, akarudi kununua mbuzi na kuwapeleka Nairobi kwa lori kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mbuzi hawana mtihani. Alikuwa mcheshi, hakuna aliyemchukia. Siku ya maonyesho alisimama mbele ya meza yao mpaka watu wakaisha, akiuliza maswali. Baadaye aliwahi kumwambia Kabale kwamba ameisoma programu yake yote mstari kwa mstari, na Kabale alifurahi wiki nzima, maana hakuna mtu mwingine mjini aliyewahi kufanya hivyo.

"Mabosi!" Dullo aliita. "Nasikia mmechezewa."

"Tumeshafunga," Wamucii alimjibu, mdomo bado una povu la maziwa. "Lile faili tumelifumba. Sasa aje aone."

"Mmefumba? Safi kabisa," alisema Dullo, akawalipia maziwa, akaenda zake akipiga mluzi.

Waliandika ujumbe wa kusahihisha wakautuma kwa wafugaji wote: soko liko, hakuna karantini, ule wa jana ulikuwa uongo. Kabale alirudi nyumbani akiwa mwepesi.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu zao mbili zililia kwa pamoja. Na wao ni wateja wa huduma yao wenyewe. "Maji na Soko. Msidanganywe. Soko la Oldonyiro bado limefungwa. Uzeni mapema."

Wamucii alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. "Haiwezekani! Tumelifumba! Mimi mwenyewe nimelifumba!"

Kabale alibaki ameketi. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alifungua hazina, akabofya sehemu ya historia, akarudi nyuma hatua moja tu, kabla ya jana. Faili lile lile likamtazama peupe, ufunguo wote ndani, herufi kwa herufi.

"Tumefumba ya leo," alisema. "Ya juzi iko wazi. Hazina haisahau, Wamucii, ndiyo kazi yake. Na sisi tukafungia ndani ule ufunguo wa zamani, ambao mwizi ameshaubeba."

Walitazamana. Kisha, Mungu anajua kwa nini, wakaanza kucheka. Walicheka mpaka mwenye duka la maziwa akapanda ngazi kuuliza kama kuna mtu mgonjwa. Kicheko kilipokwisha, akili zilikuwa zimetulia, wakafanya kile walichopaswa kufanya kwanza. Waliipigia simu kampuni ya jumbe, wakaomba ufunguo mpya, na ule wa zamani uuawe papo hapo. Abaki nao mwizi, umsaidie kufungulia mawe. Ufunguo mpya wakauweka kwenye faili, faili likafumbwa kabla halijagusa hazina, na Kabale akakagua historia mara tatu ili kuona hakuna mahali ulipopita ukiwa uchi.

Hawakumwambia mtu. Hata Mzee Abdub walimwambia tu, "Tunashughulikia, baba." Kwa mfugaji hakukuwa na tofauti yoyote. Jumbe ziliendelea kutoka kama kawaida.

Mchana, simu ya Kabale ikaita. Dullo.

"Bosi, habari ya kazi? Nilikuwa nauliza tu, kwani leo mitambo yenu iko chini?"

Kabale alikuwa na kipande cha mandazi mkononi. Akakirudisha kwenye sahani. "Kwa nini unauliza?"

"Ah, hivi tu. Nimeona kama inakataa."

"Nimetuma bei za Merti sasa hivi, Dullo. Zimefika. Hata wewe zimekufikia." Akangoja kidogo. "Inamkatalia nani?"

Upande wa pili mbuzi mmoja akalia, halafu wengi. Simu ikakatika.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kabale alikuwa ameusikia msemo huo tangu darasa la tatu na kuuandikia insha, lakini hakuwahi kudhani kwamba siku moja utamhusu yeye. Alimpigia Atabo.

"Mama, yule aliyenunua mbuzi zako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Kijana mzuri," alisema Atabo. "Mcheshi. Alituonea huruma sana. Alisema ugonjwa unakuja, yeye anajitolea tu."

Boma la Dullo lilikuwa nje kidogo ya mji, miiba kavu na bati kuukuu. Walikwenda watatu, Mzee Abdub, Kabale na Wamucii. Lori la Nairobi lilikuwa limechelewa kuja kupakia kwa sababu ya gurudumu, na hilo ndilo lililowaokoa wale mbuzi. Walikuwa wamejaa humo wakisukumana, wengine bado na alama za rangi za wenyewe shingoni.

Dullo aliwaona wakija na hakukimbia. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, kofia mkononi.

"Mimi sikuvunja kitu, Kabale," alisema kabla hajaulizwa. "Mlango ulikuwa wazi. Niliingia tu."

"Boma langu pia liko wazi mchana," alisema Mzee Abdub. "Ukiingia ukachukua ng'ombe utaniambia hivyo?"

Dullo akakung'uta vumbi kwenye kofia yake.

"Uliisoma kazi yangu yote," Kabale alisema. Alikuwa amepanga maneno makali njiani, lakini hilo ndilo lililotoka. "Mstari kwa mstari. Nilidhani umeipenda."

"Niliipenda," alisema Dullo, na alionekana anasema kweli, jambo ambalo lilimuudhi Kabale zaidi. "Niliona ule ufunguo, nikataka kukwambia. Wallahi nilitaka. Nikasema kesho. Halafu nikakosa mbuzi wa kujaza lori."

Wamucii alitaka polisi, na alitaka sasa hivi. Mzee Abdub akasema waulizwe wenye mbuzi. Kabale akampigia Atabo, akaweka spika, akamweleza yote mbele ya Dullo mwenyewe. Atabo alisikiliza hadi mwisho.

"Polisi watamlisha," alisema. "Mimi nataka mbuzi."

Ikaamuliwa hivyo. Mbuzi wote wangerudi Oldonyiro siku ya soko, wenyewe wamrudishie Dullo pesa alizowapa, mafuta ya lori juu yake, na yeye mwenyewe angepanda juu na kusema mbele ya watu alichofanya. Wamucii alikubali shingo upande. Alisema kama akitoroka, yeye atamfuata hadi Nairobi kwa boda.

Kabla ya siku hiyo, Wamucii alileta jambo lingine. Alikuwa amekaa akifikiri, kalamu mdomoni. "Kabale, sisi wawili tuko na uwezo wa kulifungua lile faili. Sasa tukipanda lori moja na lori lianguke?"

"Toba! Kwa nini unasema hivyo?"

"Nauliza tu. Tunahitaji mtu wa tatu, na asiwe mjini."

Hawakuhitaji kufikiri sana. Walimpigia Ruweida kule Korbesa. Aliposikia kwamba wanataka kumkabidhi Maji na Soko nzima, akasema ngoja nitoke darasani. Alitaka kutengeneza jozi yake ya funguo kwenye kompyuta ya shule aliyopewa na wizara. Hapana, Kabale alikataa. Iwe yake binafsi, isiyoguswa na mwingine. Basi akatumia ile yake ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni. Aliwatumia ufunguo wa kufungia tu. Wakalifumba faili upya, mara hii kwa majina matatu, na Ruweida akajaribu kulifungua huko aliko.

"Naliona!" alipiga kelele kwenye simu, na kule ndani darasa zima la watoto likapiga kelele naye bila kujua kwa nini.

Siku ya soko lori liliondoka mapema, mbuzi nyuma pamoja na Dullo, Mzee Abdub na wasichana wawili wakibanana mbele na dereva. Barabara ya Oldonyiro ilikuwa na vumbi la kuingia hadi kwenye meno. Hawajafika hata nusu, springi ya nyuma ikavunjika kwa mlio kama wa bunduki. Dereva akashuka, akachungulia, akasema itachukua muda.

"Watu wamekuja sokoni kungoja mbuzi zao," alisema Mzee Abdub akiangalia jua. "Wasipotuona watasema tumewadanganya mara ya tatu. Watatawanyika."

Kompyuta zao zote mbili zilikuwa ofisini. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda. Kabale alipanda juu ya kichwa cha lori, akainua simu hewani kama mtu anayetaka kuchuma tunda, mpaka alama moja ikatokea. Alimpigia Ruweida.

"Andika hivi. Mbuzi wa Oldonyiro wako njiani. Lori limeharibika, linatengenezwa. Wenye mbuzi wasiondoke sokoni."

"Jina la nani mwisho?"

Kabale hakuwa amewahi kufikiria hilo. Jumbe zao hazikuwa na jina la mtu. "Weka langu," alisema. "Na la Wamucii. Na lako."

Baada ya kitambo, simu ya Mzee Abdub ikalia, kisha ya dereva, kisha ya Dullo, kule nyuma katikati ya mbuzi.

Walifika Oldonyiro saa tisa alasiri, na watu walikuwapo. Wengine walikuwa wamelala chini ya kivuli cha mabanda, wengine wamekasirika, lakini walikuwapo. Dullo alipanda juu ya lori akasema. Alianza kwa mzaha, hakuna aliyecheka, akaacha mzaha. Alisema alichofanya, kwa Kiswahili na kisha kwa Kiborana, na mtu mmoja akawatafsiria Waturkana waliokuwa nyuma. Kulikuwa na kelele, fimbo zikainuliwa, Mzee Abdub akainua yake juu zaidi, zikashuka.

Atabo alikuwa mwanamke mrefu, shanga zimejaa shingoni, sauti ile ile ya kwenye simu. "Ejok," alimsalimu Kabale, akampita, akaenda moja kwa moja kwa mbuzi. Aliwatoa wake mmoja mmoja akiwaita, bila kuangalia alama. Alipomfikia jike mmoja mweupe, alimpapasa mbavu, akamgeukia Dullo.

"Huyu amekonda."

"Mama, alikuwa hivyo hivyo."

"Amekonda, nakwambia! Ulimlisha nini, kompyuta?"

Mabishano yakaanza, wanunuzi wa kweli wakasogea kusikiliza, na mmoja wao akataja bei ya yule jike mweupe, amekonda au hajakonda. Atabo akamsahau Dullo mara moja na kumgeukia mnunuzi. Kabale akamshika Wamucii mkono, wakaenda kutafuta kibanda chenye chai.